Ukakasi wa Uraka Si Kipimo cha Kileo

Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, unapofika Newala, Tandahimba au Nachingwea kusini mwa Tanzania, husikika kauli ya siku nyingi kwamba uraka (pombe ya juisi ya mabibo) unaokaba koo ndio wenye nguvu. Imani hiyo si sahihi, ingawa inaeleweka. Ukakasi huo hutokana na kemikali za mimea ziitwazo tanini zilizomo katika bibo lenyewe, ambazo hushikana na protini za mate na kuukausha ulimi. Ndiyo maana hata bibo bichi, lisilo na kileo chochote, hukaba vilevile.

Kileo huzaliwa na sukari, ambayo hamira asilia iliyo kwenye ganda la tunda huigeuza kuwa alkoholi na gesi. Kwa makadirio, gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kileo, hivyo juisi yenye gramu 100 haiwezi kuvuka sana asilimia 6, hata ikabe namna gani. Aliyechanganya juisi na uji mwepesi wa wali, akauacha utuame na kuuchuja, huondoa sehemu kubwa ya tanini bila kupunguza sukari: uraka wake huwa laini, na mnywaji asiyejua (wapo wengi) huudharau hadi anaposimama.