Makaburi ya zamani ya kihambani: yasemwayo na yalivyo

Desemba ikifika, Wachaga walio Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda mabasi kurudi nyumbani Kilimanjaro, kwenda "kuhesabiwa". Katikati ya mbege, ile pombe ya ndizi, na nyama ipo siku ya kwenda kwenye makaburi ya ukoo yaliyo kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la familia, na siku hiyo ndiyo watu wa mjini hufanya uharibifu mkubwa, tena kwa nia njema kabisa.

"Pasipo msalaba wala saruji, hapana kaburi."

Hili ndilo linaloumiza zaidi. Kaburi la kusakafiwa na kubandikwa vigae ni jambo la juzi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Kabla yao, mtu mzima mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake, na baadaye mifupa ikafukuliwa, fuvu likahifadhiwa kihambani penye masale, mmea wa majani marefu unaoheshimiwa na Wachaga. Kwa hiyo kile kichaka cha masale kilichosimama peke yake kati ya migomba, na mawe matatu manne yaliyozama nusu, chaweza kuwa ndicho kaburi lenyewe. Kijana anafika na panga jipya, anafyeka, anang'oa mizizi, anachoma moto, anafurahi kwamba sasa pamekuwa peupe. Masale yaliyokatwa huchipua tena. Yaliyong'olewa yameondoka na alama ya babu.

"Basi kila penye masale pamezikwa mtu."

Nalo si kweli. Masale ndiyo mpaka wa kihamba na kihamba, na yakijipanga mstari mrefu, mara nyingi unatazama mpaka tu. Jani lake pia hufungwa fundo likapelekwa kuombea msamaha kwa uliyemkosea, ndiyo maana watu huyapanda karibu na nyumba. Njia ya kutofautisha ni kumuuliza bibi au babu aliyebaki nyumbani, na aje mwenyewe aonyeshe kwa fimbo yake. Ukiambiwa ukiwa sebuleni kwamba ni "pale karibu na mfongo", yaani mfereji wa maji, huenda mfongo wenyewe ulikauka kabla hujazaliwa.

"Babu amelala pale mzima."

Si lazima, kwa desturi hiyo ya fuvu. Na wengine walichukuliwa: enzi za Wajerumani mafuvu ya watu wa huku yalisafirishwa hadi Ujerumani. Mangi, yaani chifu, Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na kizazi chake bado kinatafuta kichwa chake. Mwaka 2023 taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha undugu kati ya baadhi ya mafuvu yaliyoko kwake na watu walio hai, wakiwamo wa familia ya Mangi Molelia. La Meli halikupatikana.

"Kaburi likititia, marehemu ana kinyongo."

Udongo uliochimbwa hulegea, mvua za masika huushindilia, na jeneza la mbao likioza kifuniko hubonyea. Ongeza udongo, acha misimu ya mvua ipite. Ukikimbilia kumwaga zege juu ya udongo ambao haujatulia, utarudi kukuta limepasuka, na mashangazi watasema wewe ndiye uliyemuudhi.

"Kwenda makaburini ni upagani."

Kanisa Katoliki lina siku yake kabisa, 2 Novemba, ya kuwaombea marehemu wote. Anayemwaga mbege chini anafanya jambo jingine, na hilo ni la kuzungumza na ukoo wake.

"Kaburi ni hati ya kiwanja."

Ndugu wakigombana, kila mmoja hunyooshea kidole kaburi la babu. Linasaidia kuonyesha kwamba ukoo umekaa pale muda mrefu, lakini si hati. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu kaburi lihamishwe ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma. Notisi hutolewa kwanza. Fidia hulipwa kwa gharama halisi: kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na hata tambiko la kuwatuliza wazee. Bei ya kaburi lenyewe haimo.