Uadilifu kwa maana ya Wastoiko

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili huwakuta Wastoiko katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, pale Paulo anapokutana nao mjini Athene. Walikuwa wafuasi wa shule ya falsafa iliyoanzishwa na Zeno mjini humo yapata mwaka 300 KK, na jina lao linatokana na stoa, yaani ukumbi wa nguzo, alimokuwa akifundishia. Walihesabu fadhila kuu nne: busara, ujasiri, kiasi, na ile ambayo Wagiriki waliiita dikaiosyne.

Neno hilo kwa kawaida hutafsiriwa kuwa haki, na hapo ndipo utata unapoanza. Katika usemi wetu wa kila siku, haki ni kitu ambacho mtu anakidai, ananyimwa au anapewa na hakimu; anayesema “nataka haki yangu” hajasema lolote kuhusu tabia yake mwenyewe. Wastoiko walikusudia hali ya nafsi, yaani ujuzi wa kumpa kila mtu kinachomstahili, ujuzi ambao mwenye nao hutembea nao sokoni, kazini na nyumbani hata pasipo na hakimu. Kwa sababu hiyo neno uadilifu linafaa zaidi, ingawa limebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi kiasi kwamba watu hawalisomi tena.

Mfano unaoieleza dhana hii vizuri kuliko fasili yoyote umehifadhiwa na Cicero, Mroma aliyeandika mwaka 44 KK kuhusu wajibu. Mfanyabiashara anafika Rhodes kutoka Alexandria na shehena ya nafaka, wakati watu wa kisiwa hicho wana njaa na bei imepanda. Njiani ameona meli nyingine zinazokuja na shehena kama yake. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Wastoiko wawili walitofautiana. Diogenes wa Babylon alishikilia kwamba muuzaji asiyedanganya, na anayetaja kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, hana kosa, kwa kuwa kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarsus, alimpinga: mwanadamu amezaliwa ndani ya jamii ya wanadamu wote, na faida yake haiwezi kutenganishwa na yao. Cicero mwenyewe aliona kwamba mfanyabiashara yule hakupaswa kuficha.

Tuihamishie hoja hiyo katika soko la Mbuyuni, Moshi, mwezi ambao mahindi yameadimika, na muuzaji amepigiwa simu alfajiri kwamba malori ya mahindi yameshaondoka Kibaigwa, kwenye soko la nafaka mkoani Dodoma. Hajapunja kipimo wala hajasema uongo. Lumbesa, ambayo humpunja mkulima kwa kujaza gunia kupita kipimo, imekatazwa na sheria, na huhitaji falsafa kuitambua kuwa dhuluma. Simu ile ya alfajiri haimo katika sheria ya vipimo, na mteja anayenunua debe kwa fedha yake ya mwisho hajui kwamba angesubiri siku moja. Nionavyo, Antipater ana hoja nzito zaidi, ila sidhani kwamba Diogenes alikuwa mtu mbaya. Alikuwa akiuliza swali ambalo kila mwenye duka hujiuliza, kwamba akimwambia mteja kila anachokijua, atakula nini.

Kunyamaza huko kunahusiana na jambo lingine. Marcus Aurelius, mfalme wa Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliandika kwamba mtu hutenda dhuluma mara nyingi kwa kutotenda pia. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, hugawanywa kwa zamu, jirani anayeona zamu ya mjane ikirukwa na kupita kimya ana sehemu yake katika kosa hilo, kama angeweza kulizuia.

Hierocles, Mstoiko wa karne ya 2, alimchora mtu akiwa katikati ya duara nyingi: ndugu wa karibu, ukoo, wenyeji wa mji, kisha wanadamu wote, na kazi ya mwadilifu ni kuzivuta duara za nje zisogee ndani. Alishauri hata kuwaita binamu kaka na dada, na ndugu wa wazazi baba na mama. Wasomaji wake huenda waliona ushauri huo kuwa mgeni, lakini sisi wenye baba wadogo na mama wakubwa tunaweza kuuliza tu kwa nini uvutaji huo huishia kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga.

Kihamba kinaondoa pia dhana potofu kwamba Mstoiko hukubali kudhulumiwa. Jirani aking’oa masale, mimea inayoonyesha mpaka, usiku na kuyapanda hatua tatu ndani ya shamba la mwenzake, Mstoiko aliyeporwa atakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ikibidi katika baraza la ardhi, kwa kuwa hatua hizo tatu ni stahiki yake na ya watoto wake. Ataamini kwamba aliyeng’oa amejiumiza nafsi yake kuliko alivyomwumiza yeye, kwa hiyo atapeleka ushahidi bila matusi, na wakikutana njiani kesho yake atamsalimu.