Ukwaju Jikoni na Mwilini: Maswali na Majibu

Katika masoko ya Igoma na Kirumba jijini Mwanza, ukwaju huuzwa kwa mafungu, ukiwa umekandamizwa pamoja na kokwa na nyuzi zake hadi ukawa bonge la rangi ya kahawia linalonata vidoleni. Nimesikia ukisifiwa kuwa ni dawa ya malaria, ya presha, ya kisukari na ya upungufu wa damu. Ninaupenda ukwaju na ninautumia nyumbani kwangu, na kwa sababu hiyohiyo ningependa utumiwe kwa kile unachokiweza. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara nyingi katika kazi yangu ya kutoa elimu ya lishe.

Ndani ya ukwaju mna nini?

Ukwaju ni tunda la mkwaju, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Tamarindus indica. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na maneno ya Kiarabu tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, ingawa asili ya mti wenyewe ni Afrika ya kitropiki. Wazee wa Usukuma, ambao huuita bushishi, hawakungoja uletwe na majahazi. Gramu 100 za nyama ya tunda hili zina takriban miligramu 600 za potasiamu, miligramu 90 za magnesiamu na gramu 5 za nyuzinyuzi. Uchachu wake unatokana hasa na asidi ya tataria, na karibu yote nitakayoyaeleza hapa, ya faida na ya tahadhari, chanzo chake ni asidi hiyo.

Je, ni kweli kwamba unalainisha choo?

Ni kweli, na hii ndiyo faida ambayo watu wameijua tangu zamani katika nchi nyingi. Sehemu kubwa ya asidi ya tataria haifyonzwi na utumbo mwembamba, kwa hiyo huendelea na safari hadi utumbo mpana ikiwa imevuta maji, nazo nyuzinyuzi huongeza ujazo wa choo. Mtu mzima anayesumbuliwa na choo kigumu anaweza kunywa kikombe cha juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, kisha aongeze maji, mboga za majani na matunda katika mlo wake. Mwenye kuhara asiutumie. Mtoto anayehara apewe ORS na zinki kama inavyoelekezwa kituoni, wala juisi yoyote isichukue nafasi hiyo.

Unaongeza damu?

Hapa inabidi tuende taratibu. Wengi hudhani kwamba kila kitu kichachu kina vitamini C kwa wingi, lakini ukwaju una takriban miligramu 3 au 4 tu katika gramu 100, kiasi ambacho chungwa au pera hukipita kwa mbali sana. Madini ya chuma yamo, lakini si mengi. Msaada wake uko kwingine: asidi za matunda, ikiwemo ya tataria, huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde, ambayo kwa kawaida hufyonzwa kwa shida. Mama anayepika maharage au choroko na kuyatia ukwaju anapata kutoka katika chakula hichohicho zaidi ya vile angepata bila uchachu huo. Hata hivyo, mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki aendelee kuvimeza, kwa maana hakuna kiasi cha ukwaju kinachoweza kuvifidia.

Na malaria, presha na kisukari?

Ukwaju hauui vimelea vya malaria vilivyomo mwilini mwa mtu. Homa ipimwe siku hiyohiyo, hasa ya mtoto na ya mjamzito, na uji wenye ukwaju upewe mgonjwa kwa sababu humrudishia hamu ya kula, jambo ambalo lina thamani yake.

Kuhusu presha, potasiamu ni madini mazuri kwa mishipa ya damu, lakini mtu asiache dawa zake. Na mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amwulize daktari kwanza.

Kuhusu kisukari, nina wasiwasi mkubwa zaidi. Zaidi ya theluthi ya uzito wa nyama ya ukwaju ni sukari yake ya asili, ambayo ulimi hauitambui kwa sababu uchachu umeifunika. Kisha juisi yenyewe, ili inyweke, huongezwa sukari kijiko baada ya kijiko. Nimewahi kusimama karibu na mwanamke aliyekuwa akiandaa juisi ya kuuza, nikamhesabia vikombe vitatu vya sukari katika ndoo ndogo.

Kuna dawa zisizopatana nao?

Zipo. Uchunguzi uliofanywa nchini Nigeria kwa watu wenye afya njema ulionyesha kwamba chakula chenye ukwaju huongeza kiasi cha aspirini na cha ibuprofeni kinachoingia katika damu. Anayemeza dawa hizo kila siku, pamoja na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari kwamba anakula ukwaju kwa wingi. Wenye vidonda vya tumbo na kiungulia watauona uchachu huo ukiwaamshia maumivu. Meno nayo huathirika: asidi hulainisha tabaka la juu la jino, hivyo sukutua kwa maji baada ya kunywa, na usipige mswaki papo hapo, subiri nusu saa.

Nimesikia unasaidia wanaokunywa maji ya visima yenye floridi.

Swali hili linatuhusu, kwa kuwa baadhi ya visima vya Kanda ya Ziwa, hasa upande wa Shinyanga, vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi ni madini ambayo yakizidi mwilini hutia meno madoa na kupinda mifupa. Mwaka 2002 watafiti wa India walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo wavulana wa shule walipewa gramu 10 za ukwaju kila siku kwa siku 18, na floridi iliyotoka katika mkojo wao ikaongezeka. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini hayanyooshi mifupa iliyokwisha kupinda wala hayaondoi madoa ya meno. Tiba ya maji mabaya ni maji mengine.

Naulowekaje?

Tumia bakuli la plastiki, la kioo au chungu, na maji yaliyochemshwa, maana uchachu hauyafanyi maji machafu kuwa salama. Usiulaze katika sufuria ya alumini. Jaribu mwenyewe na sufuria kuukuu: asubuhi utakuta mstari pale maji yalipofikia, juu pakiwa peusi kama kawaida na chini pakiwa peupe, pamesuguliwa. Ukwaju umeilamba alumini, na alumini hiyo imo katika juisi.

Na katika kupika?

Uji wa ulezi au wa mtama utiwe rojo la ukwaju lililochujwa unapokaribia kuepuliwa. Maharage yasubiri hadi yaive kabisa, kwa sababu asidi huzuia maganda yake yasilainike, na ukiitanguliza utamaliza mkaa bure.

Mahali ambapo ukwaju unang'aa, kwa maoni yangu, ni kwenye samaki. Kambale, ambaye baadhi ya watu humkataa kwa harufu ya matope, hubadilika akipakwa rojo zito la ukwaju, chumvi na kitunguu saumu kwa nusu saa kabla ya kupikwa. Harufu ile husababishwa hasa na kemikali iitwayo geosmini, ambayo hutengenezwa na vijidudu wa majini na topeni kisha ikaingia katika nyama ya samaki. Asidi huivunja ikawa kitu kisicho na harufu. Mwoshe kidogo, mkaange, kisha mrudishe kwenye mchuzi wa nyanya pamoja na kijiko kimoja cha rojo jipya. Chumvi utakayohitaji itapungua, kwa kuwa uchachu hukoleza ladha, na hilo ni jambo jema kwa mwenye presha aliyeketi mezani.