Kiwanda cha wafanyakazi hakikosi meneja

Sema kijiweni Masasi kwamba wabanguaji wa korosho waendeshe kiwanda wenyewe, utajibiwa: "Kila mtu akiwa bosi, nani atabangua?" Hoja ya siku nyingi hiyo, ila inachanganya mambo. Mondragon ya Hispania, kundi la vyama vya ushirika vinavyomilikiwa na wafanyakazi wenyewe, lililoanza 1956, lina mameneja. Mkutano mkuu wa kila chama, mwanachama mmoja kura moja, huchagua bodi. Bodi humweka meneja, na yaweza kumwondoa. Zamu na mizani havipigiwi kura kila asubuhi, jamani! AMCOS zetu, vyama vya ushirika vya kuuza mazao, ni jambo jingine: wenye kura humo ni wakulima, si wapakiaji wa ghalani. Kufilisika nako kupo. Fagor, watengeneza majokofu wa kundi hilo, walianguka 2013; wanachama wake wengi wakapangiwa kazi kwenye vyama vingine vya Mondragon.