Ukikataa kukumbuka, je, kumbukumbu hurudi na nguvu zaidi?

Wengi tumeambiwa kwamba jambo chungu ukilisukuma kando, litarudi maradufu. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner wa Marekani alipowataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila anapowajia akilini. Kengele zililia, bila shaka.

Lakini dubu yule hakuwa kumbukumbu. Mwaka 2001, watafiti Michael Anderson na Collin Green waliwakaririsha watu maneno mawili mawili. Kisha mtu akaonyeshwa neno la kwanza, alikazie macho, ila asiruhusu lile la pili lije akilini. Hivyo mara nyingi. Mwishowe, alipotakiwa kulitaja lile la pili, lilimpotea zaidi kuliko maneno ambayo hakuyagusa tena. Picha za ubongo za 2004 zilionyesha sehemu za mbele zikichapa kazi huku hipokampasi, inayotuletea kumbukumbu, ikipoa.

Kwa maoni yangu, kosa ni kuchanganya mambo mawili. Kujikagua kila dakika kama bado unalifikiria jambo ni kulialika. Kulizuia pale tu linapochokozwa ni kazi nyingine, na hutaka mazoezi. Wala tukio halifutiki. Huwa gumu kidogo kulifikia, basi.