Barakoa Kidevuni: Kafyu Ilivyobadilisha Uhusiano wa Raia na Askari

Ijumaa, tarehe 27 Machi 2020, watu walijaa kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wakisubiri feri warudi makwao. Kafyu ya kwanza ya korona ilikuwa ianze saa 1 usiku. Kabla saa hiyo haijafika, polisi waliwarushia vitoa machozi na kuwacharaza kwa virungu. Watu walioambiwa wasisongamane wakasukumana. Walioambiwa wasiguse nyuso wakafikicha macho na kukoholeana.

Kila ninapoulizwa kwa nini wananchi walikaidi masharti, huwa naanzia Likoni. Wale watu walikuwa wanatii. Walikuwa wanaelekea nyumbani, kama walivyoagizwa.

Siku za kawaida, wengi wetu hatukutani na askari ila kwa nadra. Kafyu ilileta jambo geni: saa ikifika tu, mama mboga, mwanafunzi na mhudumu wa boda boda wote wakawa washukiwa kwa pamoja. Kutovaa barakoa nako kukawa kosa la faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Mtu aliyekuwa akiogopa ugonjwa akaanza kumwogopa askari zaidi, na hofu hizo mbili hazizai tabia moja. Anayeogopa ugonjwa huvaa barakoa hata akiwa dukani na jirani yake. Anayeogopa askari huiacha kidevuni, akaipandisha gari la polisi likitokea, akaishusha likipita. Sote tuliliona hilo.

Mwanasaikolojia Tom Tyler, wa Marekani, amechunguza kwa miaka mingi sababu za watu kutii sheria. Alichogundua ni kwamba tishio la adhabu lina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Watu hutazama zaidi jinsi wanavyotendewa: je, nimesikilizwa? Nimeelezwa sababu? Mwenye gari kubwa ametendewa sawa na mimi? Nimeheshimiwa? Mtu akiridhika na hayo, hutii hata pasipo na askari, na wakati wa janga hilo ndilo linalohitajika, kwa maana hakuna serikali yenye askari wa kusimama kila mlangoni.

Tarehe 30 Machi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, Kiamaiko, Nairobi, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu. Hakuwa hata barabarani. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi siku mbili baadaye kwa ukatili wa polisi, na tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu zilizotumiwa kupita kiasi zilivunja Katiba. Naona uamuzi huo ulikuwa na busara kubwa, kwani uliitenganisha amri na namna ya kuitekeleza. Mitaani vitu hivyo viwili vilikuwa vimeshachanganyika: aliyepigwa kirungu aliichukia na barakoa.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, lakini mazoea ya kumkimbia askari hayaondolewi kwa tangazo. Ndiyo maana nawaomba maafisa, hata leo, waanze kwa salamu na kutaja sababu ya kumsimamisha mtu. Ni maneno ya sekunde chache.

Nawe raia, usikimbie wala usibishane kwa hasira. Uliza kwa utulivu unashikwa kwa kosa gani. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama. Ibara hiyohiyo inasema mtu hawekwi rumande kwa kosa lenye adhabu ya faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la barakoa lilikuwa la aina hiyo, na ni wachache walioambiwa. Askari aliyevaa sare anapaswa kuwa na jina au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana. Ukionewa, iandike pamoja na mahali na saa, kisha uyapeleke malalamiko yako kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.