Maganda ya Karanga na Ndoo Chakavu: Mafuta Yanayopatikana kwa Kuchakata Taka Pamoja

Msimu wa karanga unapokwisha Kongwa na Chamwino, mkoani Dodoma, Tanzania, maganda hubaki marundo kwa marundo penye mashine za kubangua. Mijini nako, ingawa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ndoo zilizopasuka na madumu yaliyotoboka yangali yakitupwa. Taka hizi mbili zinaweza kugeuzwa mafuta kwa pairolisisi yenye kichocheo, yaani kupashwa joto bila hewa kukiwa na kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, na hufaa zaidi zikichakatwa pamoja.

Katika pairolisisi, taka kavu hupashwa joto, mara nyingi la nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi, ndani ya tanuri lisiloingiza hewa. Kwa kukosa oksijeni haziwaki, bali molekuli zake ndefu hukatika na kuwa mvuke, ambao ukipoozwa hutoa mafuta, huku gesi inayosalia ikiweza kurudishwa kupasha tanuri lenyewe. Mafuta ya maganda pekee yana kasoro kubwa: yamebeba maji na oksijeni nyingi, yana tindikali inayokula vyuma, na yakihifadhiwa muda mrefu huzidi kuwa mazito. Plastiki za ndoo na madumu, yaani polipropilini na polithini, zina haidrojeni tele na hazina oksijeni. Mivuke ya pande zote mbili inapopita kwenye kichocheo, kwa kawaida zeolaiti, ambayo ni madini yenye vitundu vidogo mno, haidrojeni ya plastiki husaidia kuiondoa oksijeni ya maganda kwa kuigeuza maji, na mafuta yanayopatikana huwa karibu zaidi na petroli au dizeli. Vitundu hivyo huzibwa na kaboni, hivyo kichocheo hakina budi kusafishwa kwa kuichoma kaboni hiyo.

Mabua ya mtama tusiyaguse pale yanapolisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Maganda yanatosha kuanzia. Mabomba ya PVC yatengwe kabisa, kwa kuwa yakipata joto hutoa gesi ya tindikali ya haidrokloriki, inayodhuru mapafu na kuharibu mtambo. Chupa za maji nazo zipelekwe kwa wanaozirejeleza, maana hutoa mafuta kidogo.

Ninawasihi vijana wabunifu wasijaribu kazi hii kwa pipa na kuni nyuma ya nyumba, kwani mvuke unaovuja karibu na moto hulipuka, na mafuta ghafi hayafai kutiwa kwenye pikipiki kabla ya kusafishwa na kupimwa maabara.